Taa kuwaka si mwisho wa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba dawa ya ubabaishaji kazini ni moja tu: asiye na cheti, na asiyeishi kwa malipo ya kazi hiyo, asiiguse. Kwa hesabu yake mwenye cheti na malipo ndiye mweledi, waliobaki wote wanabahatisha. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Cheti ninacho, leseni ninayo, na tangu ujanani sijala kwa kazi nyingine. Kwa barua ile, basi, nimewekwa kundi la wasafi. Nashukuru, lakini siafiki, na sababu zangu nimezikuta juu ya dari za watu.

Nisieleweke vibaya. Simtetei kishoka, yule fundi asiye na leseni. Kazi yangu ina kanuni, na nyingi kati yake ziliandikwa baada ya watu kufa au nyumba kuungua, kwa hiyo anayetaka kuzijaribu upya kwa kubahatisha anajaribu kwa roho za wenzake. Ila cheti kinathibitisha jambo moja tu, kwamba siku fulani mbele ya mtahini ulijua. Hakisemi lolote juu ya utakachofanya leo jioni, dari ina joto kali, mwenye nyumba yuko sebuleni na hajui ethi ni nini wala nyutro ni nini, na kwako imebaki soketi moja uende zako.

Hivi karibuni mama mmoja aliniita akilalamika kwamba bomba la bafuni linamtekenya vidole. Alilisema huku akicheka, kama mtu anayeeleza vituko vya paka wake. Nilizima swichi kuu kabla ya kuuliza swali la pili. Nilipofungua hita ya maji nikakuta waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haujafungwa kwenye bodi ya hita. Ulikuwa umepinda kuelekea upande mwingine. Nikaufuata. Ulikwenda kutokea kwenye swichi ya taa iliyo juu ya kioo, ncha yake imeviringishiwa utepe mweusi. Aliyefunga alikuwa amepungukiwa waya mmoja wa kupeleka laivu, yaani umeme wenyewe, kwenye ile taa. Kuvuta mwingine ndani ya paipu la ukutani kungemlia muda, kwa hiyo akauazima wa ethi. Rangi ambayo fundi yeyote akiiona anapaswa kuamini kwamba haina umeme ikawa imebeba volti 230, na hita ya chuma iliyojaa maji ikabaki haina ulinzi wowote. Elementi ya ndani ilipoanza kuchakaa, umeme ukavujia kwenye bodi, ukateremka na mabomba, ukamfikia yule mama vidoleni.

Na kwenye mlango wa kisanduku cha breka palikuwa na stika ya fundi, jina, simu na namba ya leseni. Hakuwa kishoka. Alikuwa mtu mwenye cheti kama changu, aliyelipwa chake chote, na kazi akaifanya ovyo.

Ninachotaka msomaji wenu akitazame ni hiki: siku ile alipomaliza, kila kitu kilifanya kazi. Taa ya kioo iliwaka. Maji yalichemka. Mwenye nyumba alibonyeza swichi zote, akaridhika, wakaagana kwa kushikana mikono. Kwa mbabaishaji hapo ndipo kazi inapoishia. Swali lake ni moja, je, inawaka? Mweledi naye huanza na swali hilo, kisha anabaki na lile gumu zaidi: siku itakapoharibika, maana itaharibika tu, itaharibika vipi, na nani atakuwa ameishika?

Ethi yote imejengwa juu ya swali hilo la pili. Nyumba nzima inaweza kukosa ethi na usione tofauti yoyote. Friji litagandisha, pasi itapata moto, televisheni itaonyesha. Siku za kawaida waya ule haubebi kitu. Unasubiri siku laivu itakapochomoka na kugusa chuma. Hapo umeme mwingi unapita kwake kwa ghafla, breka inaanguka, na aliyeshika kile chuma anabaki mzima akiuliza mbona umeme umekatika. Mteja hawezi kuukagua kwa macho, hatausifia, na usipoufunga hatajua. Ndiyo maana nikitaka kumjua fundi siangalii jinsi soketi zake zilivyonyooka ukutani. Naangalia ethi.

Skrubu ni hivyo hivyo. Soketi ambayo skrubu yake haikukazwa itafanya kazi leo na kesho. Lakini mahali waya ulipogusana kwa kulegea panazuia umeme usipite vizuri, na palipozuiliwa panapata joto. Hesabu yake ni ya darasani: ukizuiwa kwa nusu omu tu, na ampea 10 zinapita, unapata wati 50 za joto kwenye nukta isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Hilo ni joto la solda ya fundi redio, limefichwa ukutani nyuma ya kitanda cha mtoto, na breka haitaanguka kwa sababu ampea 10 ni matumizi ya kawaida. Kuzuia hayo yote ni kukaza vizuri, kisha kuushika waya na kuuvuta uone kama unatoka. Ni sekunde mbili kwa kila waya. Nimefanya kazi na vijana wenye mikono myepesi kunishinda mimi, wanaomenya waya bila kukata hata unyuzi mmoja, lakini hawavuti. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia, "Fundi, nimeikaza mwenyewe, naijua."

Sasa niende kwenye malipo. Msomaji wenu anaona anayelipwa ni mweledi na asiyelipwa ni mtu wa ridhaa, kama kurasa za michezo zinavyogawa mabondia. Mgawanyo huo michezoni umeshaleta vichekesho vya kutosha. Mwaka 1912 kwenye Olimpiki ya Stockholm, Jim Thorpe wa Marekani alishinda mashindano mawili magumu kuliko yote ya riadha, pentathlon (ya michezo mitano) na decathlon (ya michezo kumi). Mwaka uliofuata akanyang'anywa medali kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kwa kucheza besiboli mwaka 1909 na 1910. Alifariki mwaka 1953 bila kurudishiwa. Kamati ya Olimpiki ilikubali kumrejesha mwaka 1982, lakini kama mshindi mwenza tu, na kumtambua kuwa mshindi pekee ikabidi kungoja hadi 2022. Miaka yote hiyo wakubwa wale walibishana kuhusu bahasha ya malipo. Jinsi alivyokimbia, alivyoruka na alivyotupa mkuki hakukuwa na ubishi.

Upande wa pili yuko William Herschel, ambaye habari zake nawasimulia mara kwa mara vijana wangu wanaojifunza. Alikuwa mwanamuziki, akipiga kinanda kanisani mjini Bath, Uingereza, na kufundisha muziki ili apate riziki. Nyota zilikuwa mambo yake ya usiku, bila mshahara. Vioo vya darubini alivisugua mwenyewe nyumbani, na dada yake Caroline ameeleza kwamba kuna kioo alikisugua saa kumi na sita mfululizo bila kukibandua mikono, hadi ikabidi yeye dada amtie chakula mdomoni kidogo kidogo. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781 akaona kitu angani ambacho hakikukaa kama nyota nyingine.

Mtu wa pupa angetoka mbio kutangaza. Herschel alibadilisha lenzi. Alikuwa akitazama kwa ukuzaji wa mara 227. Akaweka wa mara 460, kisha wa 932, kwa sababu alijua kwa uzoefu kwamba nyota haiongezeki ukubwa kwa kadiri ya lenzi ila kitu kilicho karibu zaidi huongezeka. Kikaongezeka. Siku nne baadaye akakitazama tena, akakuta kimehama. Ndipo akatoa taarifa, na kwa tahadhari akasema huenda ni kometi, ile nyota yenye mkia. Wanahesabu walipopiga mahesabu ya njia yake wakagundua ni sayari, ndiyo hii tunayoiita Uranus. Na kumbe John Flamsteed, mtu aliyelipwa na mfalme kwa kazi hiyo hasa ya kuandika nyota, alikuwa ameiona tangu mwaka 1690 akaiorodhesha kama nyota ya kawaida. Simlaumu sana, darubini yake ilikuwa dhaifu kuliko ya Herschel. Lakini ukinipa hao wawili, mwenye mshahara na asiye nao, namjua ninayetaka anifungie nyumba yangu.

Wapo wasomaji watakaofikia hapa na kusema, basi siri ni kuipenda kazi. Hapana, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vijana wanalishwa maneno hayo kila siku: fuata unachokipenda, kipende unachofanya. Nani anapenda kutambaa juu ya dari kifudifudi, vumbi la miaka likimwingia puani, popo wakimpita sikioni? Zipo siku naipenda kazi yangu na zipo siku siitaki hata kuisikia. Kama ubora wa ethi ya nyumba yako unategemea niliamkaje, umekwisha. Mapenzi yanamtoa mtu nyumbani asubuhi ya kwanza. Kwenye nyumba ya kumi na mbili ya mtaa mmoja wa ramani moja yamechoka, na mkono unakaza skrubu kwa sababu umezoea kukaza.

Mazoea hayo ninayoyasema si hisia, ni vitendo vyenye mpangilio. Nikupe kimoja. Kabla sijagusa waya ninaoambiwa umezimwa, naichukua testa na kuipima kwanza mahali ninapojua umeme upo. Inawaka, kwa hiyo testa ni nzima. Kisha napima ule waya. Haiwaki. Watu wengi wanaishia hapo. Mimi narudi pale pa kwanza napima tena, kwa sababu testa inaweza kufa katikati, na testa iliyokufa inasema "hakuna umeme" kwa lugha ile ile ya testa nzima. Breka niliyoizima naifunga kwa kufuli na ufunguo unaingia mfukoni mwangu, asije mtoto wa mwenye nyumba akairudisha aangalie mpira. Nimefanya hivyo mbele ya mafundi wenzangu wakanicheka: mkongwe mzima bado unaogopa umeme! Ndiyo, naogopa. Wanaodhani uzoefu ni kibali cha kuruka hatua wanafanya kosa ambalo tayari lina kaburi lake.

Tarehe 30 Oktoba 1935 kampuni ya Boeing ilikuwa ikionyesha ndege yake mpya, Model 299, huko Ohio. Rubani alikuwa Meja Ployer Hill, mjaribu ndege wa jeshi mwenye uzoefu mkubwa. Ndege ikapaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaishiwa nguvu ya kuelea hewani, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wawili walikufa, naye mmoja wao. Uchunguzi ulikuta kwamba kilisahaulika kitu kidogo, kufungua kabari inayozuia mabawa ya mkiani yasipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Pangeweza kusemwa kwamba rubani alikuwa mzembe, yakaisha. Au kwamba ndege ile ni ngumu mno kwa binadamu. Marubani walifanya jambo la kinyenyekevu zaidi: waliandika orodha fupi ya vitu vya kukagua kabla ya kuruka, na kila rubani, awe stadi namna gani, akawa anaisoma. Ndege ile ile iliboreshwa ikawa B-17, ikaundwa kwa maelfu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo kwa madaktari wa upasuaji: karatasi moja, vipengele 19, vingine vya kuonea aibu kama kutaja jina la mgonjwa na upande unaopasuliwa. Majaribio kwenye hospitali nane za miji minane duniani, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari walikuwa wale wale, na elimu yao ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni utayari wa kukaguliwa na karatasi. Mbabaishaji karatasi hiyo inamtusi. Anasema, "Mimi unanipa orodha?"

Lipo eneo jingine ambapo mtu mmoja anaweza kuwa mweledi asubuhi na mbabaishaji jioni, nalo ni kazi za ndugu. "Shemeji, nifungie hiyo feni ya dari, si kazi kubwa." Fundi yule yule ambaye kwa mteja angetafuta boriti na kufunga ndoano ya kubeba uzito unaozunguka, kwa shemeji anaining'iniza kwenye kiboksi cha plastiki kilichowekwa kwa ajili ya balbu. Akiulizwa anajibu, nilimsaidia tu. Feni haina habari kama ilifungwa kwa msaada au kwa malipo, ina uzito ule ule juu ya vichwa vya wanaokula. Mimi ndugu zangu huwapa jibu moja kati ya mawili: nitafanya yote, au sifanyi. Kwa jibu hilo nimeitwa mwenye maringo kwenye zaidi ya harusi moja.

Na mipaka. Msomaji wenu anazungumza kana kwamba ukishakuwa mweledi umekuwa mweledi kila mahali. Umeme wa jua umetuumbua wengi kwenye hilo. Fundi aliyebobea nyaya za nyumba anaona paneli na betri, anasema umeme ni umeme, anafunga breka zile zile alizozizoea. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kila unapogeuza mwelekeo, na hapo ndipo cheche ndani ya breka inapopata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri hauna sifuri ya kupitia. Unasukuma upande mmoja moja kwa moja, na breka isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kufunguka huku cheche ikiendelea kuwaka ndani hadi ikaiyeyusha. Ujuzi wa miaka mingi haukusaidii hapo, unakudanganya. Kusema "hiyo siijui, mtafute fulani" kunampotezea fundi siku ya kibarua. Nimewaona wachache wakilisema neno hilo, na hao ndio ninaowapa kazi nikizidiwa.

Kwa hiyo kama msomaji wenu anataka njia ya kuchuja mafundi, cheti akiulize, ndiyo, lakini asiishie hapo. Siku fundi anapokuja kusema amemaliza, amwombe abonyeze kitufe cha majaribio kwenye ile breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30, waone wote wawili ikianguka. Amwambie amwonyeshe ethi inaingilia wapi ardhini, na kipimo alichopata alipoipima. Afungue kisanduku cha breka aone kama kila breka imeandikwa inalisha nini, kwa mwandiko unaosomeka na mtu mwingine atakayekuja usiku kuna dharura. Halafu achague soketi moja yoyote na kusema, hii naomba uifungue. Wala hahitaji kujua umeme. Amtazame fundi usoni anapoifungua. Wapo wanaokasirika. Wapo wanaochukua bisibisi huku wakianza kueleza wenyewe, hata hawajaulizwa, kwa nini wameacha waya ukawa na urefu wa ziada nyuma yake.

Jambo la mwisho, Mhariri, ni la kwenu. Barua ile ya msomaji mliipamba kwa picha ya fundi akiunganisha nyaya: yuko juu ya ngazi ya alumini, pete kidoleni, bisibisi ameing'ata mdomoni, na taa iliyo nyuma yake kwenye chumba kile kile inawaka. Tafadhali itoeni kwenye maktaba yenu ya picha.

Wenu,
Fundi umeme wa majumbani